Mmenionyesha nikibisha hodi

Jioni moja hapa Malindi tulifunga shuka jeupe ukutani, projekta tukaipandisha juu ya kreti mbili za soda, viti vya plastiki vya kukodi vikapangwa uani, tukaonyesha dokumentari fupi kuhusu ardhi na viwanda vya chumvi kule Magarini. Waliokuja wengi walikuwa ndani ya filamu yenyewe kwa hiyo ilikuwa kelele mtindo mmoja, huyu kajiona, yule kaona mbuzi wake. Safu ya mbele alikaa mama mmoja mtu mzima, sote twamwita Hawe, yani nyanya, ndiye aliyeongoza wimbo wa mwanzele, ngoma ya Wagiriama, ambao filamu inaanza nao. Alipojiona alicheka akajifunika mdomo na leso, wajukuu wakapiga makofi. Halafu picha ikahama, ikaja ya droni inapaa juu ya madimbwi ya chumvi, gita likaingia taratibu, na Hawe hatukumwona tena mpaka majina ya mwisho yalipoanza kupanda.

Taa zilipowashwa dairekta akamwendea, ni kijana wetu wa hapa hapa, ana adabu zake, akachuchumaa mbele ya kiti. "Hawe, umejionaje?" Bibi akamwangalia kidogo. "Nimejiona mwanangu. Lakini mmenionyesha nikibisha hodi. Kuingia mbona sikuingia?"

Watu wakacheka, nami nikacheka, nikafikiri ni mzaha wa wazee. Nilielewa usiku nikiwa nimelala. Wimbo ule una mpangilio wake, beti za kwanza ni salamu, anawaamkia wenye mji, anawataja waliotangulia, anaomba ruhusa ya kusema. Hiyo ndiyo hodi. Kisha kayamba zinabadilika, mwendo unakaza, ndipo anaingia kwenye shauri: nani alikuja na karatasi, aliahidi nini, nani aliweka dole gumba bila kusomewa, kisima kipi kimegeuka maji ya chumvi. Sasa sisi tulichukua salamu manake ndipo palipokuwa na mwanga mzuri wa jioni na sauti bado tamu, shauri tukaliacha kwenye hadi diski. Wimbo mzima ni dakika 11, nimeupima kwa saa ya simu, filamu ilitumia sekunde 38. Na niseme mapema nisije nikajifanya mtakatifu, kwenye filamu ile nilikuwamo, sikushika kamera lakini maandishi ya tafsiri yanayopita chini ya skrini niliyaandika mimi na nikalipwa.

Tangu siku ile kumekuwa na ubishi kati ya watu wa filamu, wanaharakati na wazee wa vikundi vya ngoma huku pwani, na ubishi wenyewe umekuwa wa kutupiana majina tu. Wazee wanaambiwa wamezidi, siku hizi wanataka kulipwa, wanataka waone kazi kabla haijatoka, wengine hawataki kuimba kabisa kamera ikiwashwa, kwa hiyo ati wanauza harakati. Wenye kamera nao wanaambiwa wezi, wanakuja na gari la kukodi wanachukua sauti wanaenda kula tuzo Nairobi na Ulaya. Mimi naona kila upande una haki yake, ila upande mmoja haujasikizwa vizuri, na si ule wenye maikrofoni.

Nianze na wenye kamera manake hawa nao wanatukanwa bure mara nyingi. Mtu anayetengeneza dokumentari ya harakati huku kwetu si tajiri. Kamera ya kuazima, mafuta ya gari ya kukopa, anarudi na saa arobaini za video anatakiwa azikamue zitoke dakika 26 ndio kituo cha televisheni kimuonyeshe, na kesi iko mahakamani mwezi ujao, asipotoa sasa haina maana tena. Ukimwambia aweke dakika 11 za bibi mmoja anaimba Kigiriama atakuuliza nani atabaki kwenye kiti, na swali si la kijinga. Filamu isiyotazamwa haimsaidii mtu.

Tena kamera imeshawahi kuwa ngao ya watu. Kuna ile dokumentari ya Barbara Kopple kuhusu wachimba makaa ya mawe wa Harlan County, Kentucky, kule Marekani, mgomo wa 1973, wachimbaji 180 na wake zao wakikabiliana na kampuni. Filamu ilitoka 1976 ikapata Oscar. Kopple amesimulia kwamba kulikuwa na wakati mkanda umeisha ndani ya kamera na wao wanaendelea kuinua tu kamera kama kwamba wanapiga, manake waliokuja na bunduki walikuwa wanasita wakiona lenzi. Hilo si jambo dogo. Hata Uyombo, huku huku Kilifi, mwaka 2024, watu walipotoka kupinga kinu cha nyuklia, kila mtu alikuwa na simu juu, na hakuna aliyemuuliza mwenzake ruhusa, ulikuwa moshi na mbio.

Na hoja yao kubwa zaidi, ile inayoniumiza, ni Mekatilili, yule mama wa Kigiriama aliyempinga Mwingereza. Kila Agosti tunamkumbuka, sanamu yake iko hapa mjini, watoto wanajua alicheza kifudu mji kwa mji mwaka 1913 mpaka Wagiriama wakala kiapo Kaya Fungo, msitu wao mtakatifu, wanawake chao na wanaume chao, wakakataa kodi na kazi ya Mwingereza. Wanajua alipelekwa uhamishoni Kisii pamoja na mwenzake Wanje wa Mwadorikola, wanajua alitoroka akarudi. Niambie niimbe ubeti mmoja wa alioimba. Siwezi, na sijakutana na rafiki yangu anayeweza. Kwa hiyo kijana mwenye kamera akiniambia "bora sekunde 38 kuliko kimya cha miaka mia" sina jibu la haraka la kumpa.

Kuna na hili la ruhusa. Sheria tayari inamtaka mtu awe na leseni ya kupiga filamu, sasa ukiongeza kwamba kila wimbo uombewe ruhusa ya jamii nzima, jamii ni nani? Makaya tisa ya Mijikenda? Kamati ya kaya moja? Mwenyekiti wa kikundi? Na ruhusa ikipitia ofisini, filamu ya kulalamikia ofisi itapewa ruhusa na ofisi ile ile? Hapo wenye kamera wana hofu ya kweli, na mwanaharakati anayejua nchi hii atawaelewa.

Hayo yote nayakubali, sijayasema kwa kuwapoza. Lakini angalia vizuri utaona kila hoja hapo juu inajibu swali la kama tupige filamu au tusipige, na sijamsikia Hawe akisema tusipige. Yeye alikaa safu ya mbele, alivaa leso mpya, alikuja na wajukuu. Alichouliza ni kingine kabisa, mbona hakuingia.

Hapa ndipo tunapokosana sisi tuliosoma na hawa wenye nyimbo. Kwetu sisi wimbo kwenye filamu ni muziki, kazi yake ni kuweka hali, mtazamaji ajue tuko Afrika, tuko kijijini, watu wana uchungu. Kwake yeye wimbo ni maneno ya barazani. Mtu aliyesimama kusema shauri lake mbele ya wazee humkatizi akiwa bado kwenye salamu ukaendelea na mambo mengine, hata kama hukubaliani naye, ni utovu wa adabu na kila mtu anaona. Lakini kwa kuwa ameimba badala ya kusema, tunaona ni sawa. Profesa tuliyemhoji kwenye filamu ile ile alipewa dakika tatu nzima, alisema mambo yale yale ya visima na dole gumba, tena bila kayamba.

Rudi kwa Mekatilili uone. Kifudu si ngoma ya kuchezea mbele ya wageni, ni ngoma ya msiba. Yeye akaitoa kwenye matanga akaipeleka kwa watu walio hai, kila alipofika anacheza kilio. Aliyeiona hakuhitaji kuelezwa, alikuwa anaambiwa mmekufa na hamjijui. Hiyo ni hoja kamili, ina mwanzo na mwisho, na serikali iliielewa vizuri ndio maana ikamkamata, na 1914 ikaipiga Kaya Fungo baruti. Sasa chukua ngoma ile ile uiweke sekunde kumi chini ya picha ya jua linachomoza, uandike muziki wa asili. Utakuwa umehifadhi nini? Ndio maana hoja ile ya kimya cha miaka mia, japo inaniuma, haijanishinda. Sekunde 38 za hodi ni kimya kile kile, tofauti ni kwamba kina mlio.

Watu wa huku tuna mfano wetu wa kitu kung'olewa mahali pake. Vigango, zile nguzo za kuchonga za kuwakumbuka marehemu, vilichomolewa pale viliposimikwa vikauzwa, vikaishia kwenye makumbusho na sebule za matajiri Marekani, vikasifiwa kuwa sanaa nzuri sana, na kweli ni vizuri. Makumbusho ya Denver ikaamua kurudisha 30. Hakuna aliyesema vigango vile havikutunzwa, vilipanguswa vumbi, viliwekwa kwenye ubaridi. Kilichokosekana ni yule mtu aliyesimikiwa.

Sasa nije kwenye jambo ambalo limenikaa rohoni kuliko yote, mtanivumilia.

Filamu ilichukua hodi, lakini trela, ile ya kusambaza mtandaoni kabla, ilichukua mstari mmoja wa katikati kwa sababu hapo mapigo yamepamba moto. Sekunde nne. Hawe anaimba kuhusu kunguru aliyejenga kwenye mkoko, mkoko ukakauka, na mayai ndani ya kiota si yake. Ni hayo tu. Hakutaja mtu, hakutaja kampuni, na hakuwa mjinga, alijua anachofanya. Fumbo ndiyo ngao ya mwimbaji huku, anayekusudiwa anajua ni yeye na hawezi kushtaki manake akishtaki amekubali kuwa kunguru. Nikaja mimi na kompyuta yangu. Dairekta akasema mtazamaji wa nje hataelewa kunguru, tufafanue, nikaona ana maana, nikaandika chini ya skrini: kampuni ya chumvi imekausha mikoko yetu.

Trela ikaenda. Kijana wa Hawe, mtoto wake wa kuzaa, wakati huo alikuwa kibarua kwenye chumvi. Msimamizi wake akamwita pembeni na simu mkononi, akamwonyesha, akamuuliza, "Huyu ni mamako? Mbona anatusema?" Hakufukuzwa siku ile. Aliachwa tu kuitwa kazini, wiki ya kwanza, wiki ya pili, na kwa kibarua hakuna barua ya kufukuzwa, usipoitwa umeelewa. Nilipokwenda kuomba radhi Hawe hakunikaripia, alinipa maji nikanywa akaniuliza, "Mwanangu, wewe ulipoona kunguru, uliona ni mnyonge hawezi kuruka peke yake?"

Nimeifikiria sentensi ile miezi sasa. Ukiangalia, yeye alikuwa amejilinda, na mimi ndiye niliyemvua, tena kwa nia njema, tena kwa kutumia neno kufafanua. Wenye kamera tukimaliza tunarudi mjini, yeye anabaki pale pale na mashamba ya chumvi yako nyuma ya nyumba. Kwa hiyo mzee akikataa kuimba kamera ikiwashwa usimharakishe kumwita mshamba, huenda amekuzidi hesabu.

Kuna atakayesema basi tatizo ni tafsiri, mrekebishe tafsiri mambo yaishe, na aliweka sahihi fomu ya idhini, aliridhia. Aliweka kweli, karatasi ninayo, dole gumba, wino wa buluu. Hapo ndipo nataka watu wa harakati tuangaliane machoni.

Lamu tulishinda vipi ile vita ya makaa ya mawe? Mtambo wa megawati 1,050 ulikuwa ujengwe Kwasasi, leseni ya mazingira ilishatolewa, na tarehe 26 Juni 2019 jopo la kitaifa la mizozo ya mazingira likaifuta. Sote tulisherehekea, mimi nilikuwa mmoja wao. Sababu kubwa ilikuwa ushirikishwaji wa umma. Mikutano ilifanyika, hilo halikukanwa, picha zipo, orodha za waliohudhuria zipo na sahihi zao. Lakini mikutano ile ilifanyika kabla ripoti ya athari haijakamilika, watu waliambiwa mradi unakuja, hawakuwekewa mezani ripoti yenyewe wakaijadili. Jopo likaona kumuuliza mtu kabla hajajua anaulizwa nini si kumuuliza. Hoja hiyo tunaijua kwa moyo, tunaifundisha kwenye semina.

Sasa fomu ya idhini inawekwa sahihi lini? Siku ya kupiga, asubuhi, kabla kamera haijawashwa, kabla hakuna hata mtu mmoja, pamoja na dairekta, anayejua filamu itakatwaje, trela itachukua mstari upi, kunguru ataandikwa nani. Hawe alikubali kuimba. Hakuulizwa kama akatwe kwenye hodi, na hakuulizwa kama fumbo lake lifumbuliwe, asingeweza kuulizwa, hayo yalikuwa bado hayajatokea. Ni ule ule mkutano wa Lamu, na karatasi ni ile ile yenye dole gumba anayoiimba kwenye ubeti wake wa saba ambao hatukuuonyesha. Nilipoligundua hilo nilicheka peke yangu kama mwendawazimu, kwamba filamu ya kulalamikia watu kuwekeshwa dole gumba bila kusomewa imetengenezwa kwa dole gumba.

Na si jambo la adabu peke yake. Katiba ya 2010 kifungu cha 11 kinalitaka Bunge litunge sheria jamii zilipwe fidia au mrabaha utamaduni wao unapotumika, na sheria ikatungwa, ile namba 33 ya 2016 ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za jadi. Inataka idhini ya jamii iliyotolewa mapema na kwa kuelewa, inataka mgao wa haki wa kinachopatikana, na kaunti zimepewa kazi ya kusajili. Nimeshakubali kwamba ruhusa ya ofisini inaweza kugeuka kitanzi. Lakini angalia maneno, kwa kuelewa. Hayo hayahitaji ofisi. Yanahitaji umrudie mama na kompyuta kabla ya kufunga kazi, umwekee pale chini ya mwembe atazame, aseme hapa sawa, hapa hapana. Siku moja ya barabara. Dairekta wangu aliniambia bajeti haikuwa na siku hiyo, nikamkumbusha ilikuwa na siku mbili za droni, akanyamaza, naye si mtu mbaya.

Kuhusu pesa nitapita haraka manake ndiyo inayosemwa sana na yenye uzito mdogo. Ndiyo, wapo wazee wanaouza wimbo mmoja kwa timu tatu, wapo wenyeviti wa vikundi wanaopokea wakala peke yao, waimbaji ishirini wakaambulia soda. Nimeyaona. Lakini mpiga droni alilipwa, mpiga gita alilipwa, mimi mwandika kunguru nililipwa, na hakuna aliyesema sisi tumeuza harakati.

Kama mtu ananiuliza basi filamu iliyomwingiza mtu ndani ikoje, namrudisha kule kule Harlan. Mle ndani kuna bibi anaitwa Florence Reece, alishakuwa mzee wakati huo, anasimama kwenye mkutano wa wagomaji. Wimbo wake aliutunga 1931 mgomo mwingine kabisa, unamuuliza mtu yuko upande gani. Kopple hakumkatiza haraka. Bibi anaanza kwa kueleza yeye ni nani kwa wachimbaji, kisha anaimba kwa sauti ya uzee iliyokwaruza, bila gita, bila chochote, na ukumbi unamsikiza. Kiufundi ni kipande kibovu, sauti inapasuka. Lakini unamwona ameingia ndani amekaa, na sisemi haya kwa nadharia, filamu ile haikumchosha mtu, ilipata Oscar. Ile ya Lee Hirsch ya nyimbo za ukombozi Afrika Kusini, ya 2002, ilimchukua miaka kama tisa, na waliomo wanaeleza wenyewe nyimbo zao zilikuwa zinafanya kazi gani. Kentucky waliimba kuwatetea wachimba makaa ya mawe, Lamu watu walisimama kuyakataa makaa yenyewe, lakini somo la kumwacha mtu amalize ni moja.

Na hatuhitaji kwenda mbali hivyo. Wazee wa Lamu wanakumbuka Kimondo, ile vita ya mashairi ya uchaguzi wa 1974 na marudio ya 1975. Malenga wa upande huu anatunga, anasoma, inarekodiwa kwenye kanda, kanda inazunguka mji mzima, dukani, barazani, jioni upande wa pili wameshajibu na kanda yao. Mafumbo matupu, na kila mtu anajua nani kapigwa. Hiyo nayo ni teknolojia, redio kaseti ilikuwa mashine ya kisasa wakati ule, na hakuna aliyelalamika kwamba mashine imeiba shairi. Kwa nini? Manake kanda ilibeba shairi zima, ikaenda kwa watu wanaoelewa fumbo, na ikaacha mlango wazi wa kujibiwa. Dokumentari zetu zina kasoro ya tatu ambayo hata sijaigusa, hazijibiki. Zikishatoka zimetoka, anayesemwa hawezi kujibu na mwimbaji hawezi kuongeza.

Dairekta tumekorofishana na tukapatana. Hajaikata filamu upya, festivali ilishaichukua kama ilivyo, trela nimeandika upya kunguru akabaki kunguru, japo aliyeona ameshaona, na kijana wa Hawe sasa anavua. Kitu kimoja alifanya bila kuambiwa, alitoa dakika zote 11 bila kukata, picha na sauti, akaziweka kwenye flashi, tukampa dereva wa matatu ya Gongoni amfikishie bibi. Huko ikaanza kutembea yenyewe. Nilisikia imechezwa kwenye matanga, ikachezwa kwenye harusi moja, kinyozi wa sokoni alikuwa nayo siku mbili, watu wakatulia kusikiza mpaka ubeti wa saba.

Wiki iliyopita dereva yule yule kanirudishia flashi, imefungwa kwenye karatasi ya sukari, ina mchanga mpaka ndani ya kifuniko. Nikaichomeka. Wimbo wa Hawe upo, na chini yake kuna faili nyingine ya sauti, imerekodiwa kwa simu, kayamba zinasikika kwa mbali na mwanamke nisiyemjua anaanza kubisha hodi. Ni ya dakika 14.